Kisanduku kitupu si "hapana": Jihadhari na ripoti za ramani ya soko

Mfanyabiashara anayenunua ripoti ya soko siku hizi hukabidhiwa vitu viwili: jedwali la maduka na ramani yenye vidoti. Kila kidoti ni duka, genge au kioski kilichofikiwa na mdadisi mwenye simu ya mkononi. Nyuma ya kila kidoti kuna visanduku vya kutia tiki: kuna umeme, kuna friji, anauza luku, ni wakala wa pesa za simu, ni wakala wa benki. Palipotiwa tiki hapana ubishi. Tatizo liko pale pasipotiwa kitu.

Wengi husoma kisanduku kitupu kana kwamba kimeandikwa "hapana". Duka halina tiki ya friji, basi halina friji. Hesabu inapigwa, asilimia inapatikana, na mtu anachukua mkopo kuagiza mzigo. Makala haya yanaeleza kwa nini usomaji huo ni wa hatari kwa mtaji, namna ya kuandaa fomu isiyo na utata, na la kufanya endapo data imekwishakusanywa.

FOMU ZIMEHAMIA KWENYE SIMU

Ukusanyaji wa taarifa kwa simu na vishikwambi si jambo geni tena katika kanda hii. Programu ya ODK, ambayo ndiyo mzazi wa fomu nyingi za aina hii, ilianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko, na kazi yao ikawekwa kwenye ramani huria ya OpenStreetMap ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia. Kenya ilifanya sensa yake ya mwaka 2019 bila karatasi, na Tanzania ikatumia vishikwambi katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022.

Faida zake ni dhahiri. Taarifa inafika haraka, mahali panajulikana kwa GPS, na hakuna karani wa kunakili makaratasi upya. Lakini karatasi ilikuwa na jambo moja ambalo simu haina. Mdadisi aliyeshindwa kupata jibu aliandika pembeni kwa kalamu: "mwenyewe hayupo". Kisanduku cha kwenye simu hakina pembeni. Kina hali mbili tu, tiki au utupu, ilhali mtaani kuna hali zaidi ya mbili.

MAANA NNE ZA UTUPU

Kisanduku cha "friji" kikirudi kitupu, huenda ni kwa sababu mojawapo kati ya hizi:

Kwanza, duka halina friji. Mdadisi aliuliza, akajibiwa, akaacha wazi.

Pili, swali halikuulizwa. Duka lilikuwa limefungwa, au mdadisi aliruka ukurasa kwa haraka.

Tatu, swali liliulizwa lakini jibu halikupatikana. Kijana wa dukani hajui kama friji iliyo stoo ni mali ya duka au ya jirani, au mwenye duka amekataa kusema akidhani ni mambo ya kodi.

Nne, swali halihusiki. Fomu imepangwa kwamba asiye na umeme haulizwi habari za friji, hivyo swali halikutokea kabisa kwenye kioo cha simu.

Ni maana ya kwanza tu inayostahili kuitwa "hapana" moja kwa moja. Ya nne inaweza kuhesabiwa hivyo iwapo sababu yake inafahamika. Ya pili na ya tatu maana yake ni "hatujui", na hatujui si jibu la kuagizia bidhaa.

HESABU YA FRIZA

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si takwimu za eneo lolote. Mfanyabiashara anataka kuuza friza ndogo kwa wenye maduka ya rejareja. Ananunua ripoti ya maduka 400. Maduka 90 yana tiki ya friji. Maduka 310 hayana tiki.

Ripoti inaandika kwamba asilimia 77.5 ya maduka hayana friji. Mfanyabiashara anakisia kwamba katika kila maduka kumi yasiyo na friji, moja litanunua. Anaagiza friza 31. Kwa bei ya kununulia ya sh. 800,000 kila moja, ameweka sh. 24,800,000.

Sasa tufungue yale maduka 310. Tuseme 130 waliulizwa na wakajibu kuwa hawana. Yaliyobaki, 180, ama yalikuwa yamefungwa ama mwenyewe hakuwepo. Kwa hiyo ukweli pekee uliothibitishwa ni kwamba wasio na friji hawapungui 130 wala hawazidi 310. Kwa asilimia, ni kati ya 32.5 na 77.5. Ripoti ilichukua ncha ya juu kabisa ya makisio na kuiuza kama jibu.

Wapo watakaosema dawa ni kuyatupa maduka 180 yasiyojulikana na kupiga hesabu kwa 220 yaliyojibu. Hapo wasio na friji ni 130 kati ya 220, yaani asilimia 59. Ukiipeleka asilimia hiyo kwenye maduka yote 400 unapata 236, na oda ya friza 24. Ni afadhali kidogo, lakini bado kuna mtego. Njia hii inadhani kwamba maduka yasiyojulikana yanafanana na yanayojulikana. Je, yanafanana? Duka ambalo mwenyewe hayupo mchana mara nyingi ni la mtu mwenye shughuli nyingine, aliyemwajiri muuzaji. Huyo ana uwezo zaidi, na huenda friji anayo tayari.

Njia ya kujua ni kurudi mtaani. Si lazima kurudia maduka yote 180. Andika namba zake, chagua 30 kwa bahati nasibu, si yale yaliyo karibu na barabara, kisha mtume mtu jioni wenye mali wanapokuwapo. Tuseme 21 kati ya 30 yanakutwa na friji, yaani asilimia 70. Kwa makisio hayo, katika maduka 180 yasiyojulikana 126 yana friji na 54 hayana. Jumlisha 54 na wale 130: wasio na friji ni takriban 184, asilimia 46 ya soko. Oda inayofaa ni friza 18.

Ikumbukwe kwamba sampuli ya 30 ni ndogo. Asilimia 70 iliyopatikana ingeweza kuwa kati ya 55 na 85, kwa hiyo oda ya busara ni kati ya friza 16 na 21. Hata hivyo, hakuna mahali katika masafa hayo ambapo 31 inaingia. Tofauti ya friza 13 kati ya oda ya kwanza na ya 18 ni sh. 10,400,000. Huo ni mzigo utakaolala ghalani huku riba ya mkopo ikitembea.

KILA PROGRAMU NA TABIA YAKE

Sehemu ya tatizo inatokana na mitambo yenyewe. Katika fomu za kawaida za kurasa za intaneti, kisanduku kisichotiwa tiki hakitumwi kabisa. Anayepokea upande wa pili haoni "hapana", haoni kitu. Katika fomu za ODK na ndugu zake, swali la kuchagua majibu mengi huhifadhiwa kama orodha ya yaliyochaguliwa. Lisipochaguliwa lolote, orodha ni tupu, na orodha tupu ya aliyejibu "sina hata kimoja" haina tofauti na ya aliyerukwa. Aidha, swali likifichwa na masharti ya fomu kwa kuwa halihusiki, jibu lake hufutwa fomu inapokamilishwa, hata kama mdadisi alikuwa amekwisha kulijaza.

Data ikishuka kwenye jedwali, mambo huendelea kubadilika. KoBoToolbox, kwa mfano, hugawa swali la majibu mengi kuwa safu moja kwa kila jibu: 1 kwa lililochaguliwa, 0 kwa lisilochaguliwa. Pale ambapo swali zima halikujibiwa, seli huachwa wazi. Huo ni utaratibu mzuri, ilimradi karani asije akajaza sifuri kwenye seli zilizo wazi "ili jedwali lipendeze". Akifanya hivyo amefuta ushahidi.

Excel nayo ina ndimi mbili. Ukiiuliza kama seli tupu ni sawa na sifuri, itajibu kwamba ni kweli. Ukiiagiza ihesabu sifuri kwa COUNTIF, seli tupu haihesabiwi. Makarani wawili wenye faili moja wanaweza kuleta majibu mawili: mmoja 310, mwingine 130. Wala hakuna aliyekosea kubonyeza. Wastani wa AVERAGE nao huruka seli tupu, lakini huhesabu sifuri.

Kwenye hifadhidata za SQL, thamani tupu ina kanuni yake. Si kweli wala si uongo, ni haijulikani. Ukiomba maduka yote ambayo friji "si ndiyo", hifadhidata itakupa yale yaliyojibu "hapana" tu, na yasiyojulikana yataachwa nje bila onyo lolote. Lakini kama faili lilipoingizwa seli tupu ziligeuzwa kuwa neno lisilo na herufi, ombi lile lile litakuletea zote pamoja.

Mwisho, ramani nyingi bado hubebwa kwa faili la shepu, muundo uliotolewa na kampuni ya Esri katika miaka ya 1990. Muundo huo hauna nafasi ya kuhifadhi thamani tupu ya namba. Programu inapobadili data kuwa faili la shepu, utupu unaweza kugeuka sifuri. Data iliyotoka mtaani ikiwa safi huharibika safarini.

RAMANI HUDANGANYA ZAIDI YA JEDWALI

Jedwali walau huonyesha seli iliyo wazi. Ramani hupakwa rangi. Mchoraji akiweka kijani kwa maduka yenye uwakala wa pesa na nyekundu kwa yasiyo nao, visanduku vitupu vyote huangukia kwenye nyekundu. Mtaa ambao mdadisi aliupita siku ya mvua maduka yakiwa yamefungwa utaonekana kama pengo kubwa la biashara. Mwekezaji mdogo mwenye mtaji wa kioski kimoja ataufuata wekundu huo, na atakuta mawakala watatu wamekaa bega kwa bega.

Ramani huria nazo zisomwe kwa tahadhari hiyo hiyo. Katika OpenStreetMap, benki inaweza kuandikwa kwamba ina ATM, au kwamba haina, au isiandikwe chochote. Kutokuandikwa maana yake ni kwamba hakuna aliyejaza, basi. Kwa sababu hiyo ramani ya soko inapaswa kuwa na rangi tatu: ipo, haipo, haijulikani. Ya tatu iwe ya kijivu, na ikizidi nusu ya mtaa, mtaa huo usitolewe hukumu.

FOMU IANDALIWEJE

Kwa anayetaka kufanya utafiti wake mwenyewe, mambo yafuatayo yanatosha kuondoa sehemu kubwa ya utata.

Anza na hali ya ziara. Swali la kwanza liwe: duka liko wazi na mwenyewe yupo, liko wazi lakini aliyepo si mwenyewe, limefungwa, au limekataa. Swali hili moja litaeleza utupu mwingi unaofuata.

Swali la fedha lisiwe kisanduku. Kama uamuzi wa mtaji unategemea friji, usiweke tiki. Weka majibu ya kuchagua moja: ndiyo, hapana, hajui, amekataa kujibu. Mdadisi atalazimika kugusa kioo hata pale ambapo jibu ni hapana.

Kwenye orodha ya majibu mengi, ongeza jibu la "hakuna hata kimoja". Kisha weka sharti kwamba jibu hilo haliwezi kwenda pamoja na mengine. Bila sharti utapata duka lenye vocha, luku na "hakuna hata kimoja" kwa pamoja.

Swali liwe la lazima, lakini mlango wa "hajui" uwepo. Fomu inayomlazimisha mdadisi kujibu bila kumpa nafasi ya kukiri kutojua humfundisha kubuni. Jibu la kubuni ni baya kuliko utupu, kwa kuwa halionekani.

Usitangulize jibu. Baadhi ya waandaaji huijaza fomu "hapana" mapema ili kuokoa muda. Hapo duka lililofungwa litarudi na "hapana" nadhifu kabisa, na hakuna mkaguzi atakayeweza kuitofautisha na hapana ya kweli.

Ukitumia namba za siri za majibu, ziwe mbali na hesabu. Wengi huandika 1 kwa ndiyo, 0 kwa hapana na 99 kwa hajui. Karani asiyeambiwa akipiga wastani wa safu hiyo atapata maajabu. Ni heri kutumia maneno.

Mwisho, jaribu kabla ya kutuma watu. Jaza fomu kumi mwenyewe, ukiziacha nyingine nusu kwa makusudi, kisha shusha jedwali na utazame kilichotokea. Saa moja ya jaribio hili ni nafuu kuliko posho za wadadisi wa kurudia kazi.

DATA IKIWA IMESHALETWA

Kama fomu ilikuwa ya visanduku vya kawaida na kazi imekwisha, usijaze kitu. Weka nakala ya faili la awali kando, kisha unda safu mpya yenye majibu matatu. Tiki ni "ndiyo". Utupu ambapo mdadisi alijibu maswali ya jirani kabla na baada unaweza kuelekezwa kwenye "hapana", lakini uandike kwamba ni makisio. Utupu wa fomu ambayo sehemu nzima haikujazwa ni "haijulikani".

Tazama pia nani alikusanya. Panga jedwali kwa jina la mdadisi na muda wa kujaza fomu. Mdadisi mmoja akiwa na visanduku vitupu karibu vyote, na fomu zake zikijazwa kwa dakika moja moja, huo si mtaa usio na friji. Ni mdadisi aliyetaka kuwahi nyumbani.

Kisha toa jibu kwa masafa: angalau kiasi hiki, si zaidi ya kiasi hiki. Wanunuzi wengi hupenda asilimia moja iliyonyooka, lakini mwenye mtaji mdogo ndiye anayehitaji masafa kuliko wote. Kampuni kubwa ikikosea friza 13 itazipeleka tawi jingine. Mwenye duka moja hana tawi jingine.

MASWALI MANNE KABLA YA KULIPA

Kwa anayenunua ripoti iliyokwisha kuandaliwa, maswali ya kumwuliza muuzaji ni manne. Je, maduka mangapi yalitembelewa na mangapi yalijibu swali hili hasa? Je, kisanduku kitupu kilihesabiwaje? Je, fomu ilikuwa na "hajui"? Na je, faili la awali lipo na naweza kuliona?

Muuzaji mwenye kazi safi atajibu yote kwa dakika tano. Anayeanza kuzunguka, au kusema kwamba mambo hayo ni ya wataalamu wa kompyuta, mwombe apunguze bei au tafuta mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari siku hizi liko kwenye simu, na ukurasa wake usioandikwa kitu usomwe hivyo hivyo: haujaandikwa kitu.